Kipande cha Boksi Mbele ya Bwana Harusi

Nilimsikia akicheka kabla sijamwona. Kwenye kioo cha televisheni kulikuwa na chenga tupu, zikichemka kama uji unaokaribia kuiva, na kutoka ndani ya chenga hizo kikaja kicheko cha mwanamke kijana. Kilikuwa kifupi kwanza, kama cha mtu aliyejizuia, halafu kikafunguka chote. Vigelegele vikafuata, mbuzi akalia mahali fulani karibu, na sauti ya mwanaume ikasema, "Sogea huku, jua linakuchoma." Nilikuwa nimeinama juu ya deki na kitambaa chenye spiriti mkononi, nikabaki nimeinama hivyo hivyo. Mkanda ulikuwa umeota ukungu, ukungu umehamia kwenye vichwa vya deki, na deki yenye vichwa vichafu hufanya hivyo: sauti inapita, picha inagoma. Nilijua hayo yote. Hata hivyo niliutazama ule uwanja mweupe wa chenga nikijiuliza mtu anayecheka namna ile ana meno ya aina gani, ana shingo ndefu au fupi, na amevaa nini.

Kicheko kile kilinirudia wiki iliyopita nikiwa Tarime, kwenye msiba wa Mzee Shabani, fundi aliyenifundisha kazi. Tulikuwa wanawake tumeketi kwenye mikeka chumba cha ndani, wengine wakisoma dua, wengine wakimenya viazi vya pilau, na mjukuu wake akatoa simu na kuonyesha video ya mzee akisimulia jinsi alivyofukuzwa na bata mzinga. Simu ikapita mkono kwa mkono. Wake wa wanawe waliangalia, mashemeji waliangalia, na jirani ambaye hakuwahi kumpenda mzee aliangalia mara mbili. Hakuna aliyeuliza nani anaruhusiwa kuona nini. Nilipoipokea ile simu nilijikuta nimeweka kiganja upande mmoja wa kioo, kama mtu anayekinga jua, na mwenzangu wa kulia akaniuliza, "Bhoke, unaficha nini?" Jibu lake liko nyuma sana, mwaka nilipokuwa nikijifunza kazi kwa mzee.

Mwaka ule nilikuwa Genkuru, kwenye machimbo ya dhahabu, katika chumba ambacho Mzee Shabani alikuwa amekikodi baada ya kuona kwamba watu wenye dhahabu wanapenda kujiona. Ukoo wake ulikuwa wa Tanga, lakini yeye alizaliwa Tarime na duka lake la picha lilikuwa pale mjini. Dhahabu ilipowavuta watu kutoka kila mkoa, naye akafuata na kamera yake, deki mbili, kompyuta moja nene na jenereta. Chumba kilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara, na wa nyuma ulitokea kwenye kiuwanja kidogo ambako jenereta ililala chini ya bati. Ukutani kulikuwa na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, mbele yake kiti cha plastiki cha kupigia picha. Vumbi la mawe lilitufikia kutwa kucha kutoka kwa jirani yetu Masanja, Msukuma wa Shinyanga, aliyekuwa na karasha ya kusaga mawe ya wachimbaji. Vumbi lile lilikaa kwenye chai, kwenye kope, na hasa kwenye deki, ndiyo maana nusu ya kazi yangu ilikuwa kusafisha.

Nusu nyingine ilikuwa kuangalia. Siku hizi kijana akiambiwa kuhamisha picha anafikiri ni kubonyeza mahali na kusubiri kidogo. Mkanda wa video haukuwa hivyo. Harusi iliyodumu mchana mzima ilihitaji mchana mzima kuingia kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta ilipokea kile ambacho deki ilikuwa inacheza, kwa mwendo ule ule, na ilibidi mtu aketi hapo kuona kama picha haijaruka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Niliangalia sherehe za jando za watu nisiowajua, mazishi ya wazee wa Natta, ubatizo, ng'ombe wa mahari wakiingia bomani mmoja mmoja. Nilikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando nikiwa nimekodolea macho meza za watu wengine wakila wali. Nilijifunza kwamba mpiga picha akichoka huanza kupiga viatu, na kwamba katika kila sherehe kuna mama mmoja anayehesabiwa kuwa ndiye msimamizi ingawa hakuna aliyemteua. Nilikuwa na hamu ya kujua maisha ya watu kama wengine walivyokuwa na hamu ya dhahabu, na sikuhitaji kushuka kwenye shimo.

Mkanda wenye kicheko uliletwa na Mwita. Alikuwa mchimbaji mwenyeji wa Ringwani, kijana mrefu, mabega yametangulia mbele kidogo kama ya mtu aliyezoea kupita mahali pafinyu. Wenzake walikuwa wamesikia habari za machimbo mapya mbali sana, upande wa kusini, na lori lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Alitaka harusi yake iwekwe kwenye CD kabla hajasafiri, kwa sababu mkanda ulikuwa umekaa masika mazima kwenye kibanda cha machimboni na sasa ulikuwa unanuka kama kiatu. Alituambia mkewe, Wegesa, alifariki akijifungua, mtoto akapona. Mtoto analelewa na bibi yake mzaa mama, hapa hapa Genkuru. Aliyasema hayo akiangalia lile pazia la maporomoko ya maji. Kisha kikaja kile kicheko, naye akasema taratibu tu, "Huyo ndiye yeye."

Tatizo ni kwamba spika yetu ilikuwa mlangoni. Mzee Shabani aliiweka pale ili wapita njia wavutiwe na muziki wa harusi za wenzao, kwa hiyo kila kilichotoka kwenye deki kilikwenda moja kwa moja barabarani. Mlango wa mbele ulisukumwa kabla sijaweka kitambaa chini. Mwanamke wa makamo alisimama kizingitini na mfuko wa unga wa muhogo kichwani, mikono yake ikiwa imeshuka pembeni kana kwamba mfuko huo haupo. "Nani anacheka humo?" aliuliza.

Mwita hakugeuka kutazama. Sauti ilimtosha. Aliinuka kwenye benchi, akapita kando ya kiti cha plastiki, akakanyaga beseni la vyombo vyetu vya mchana, na akatokea mlango wa nyuma huku sahani ya bati ikizunguka sakafuni nyuma yake.

"We mura, umeona polisi?" Mzee Shabani alimwita kama vijana wa kwetu wanavyoitwa. Kisha, kwa ukarimu wake wote, akamgeukia yule mama. "Karibu ndani, mama. Huyo kijana ameshtuka tu, atarudi sasa hivi, mtaketi pamoja mwangalie."

Ni mtu wa asili ya mbali tu, hata awe amezaliwa Tarime, angeweza kusema hivyo. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, akisikia sauti yake njiani anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Hakuna ugomvi ndani yake; ni heshima, tena heshima nzito kuliko shikamoo. Yule mama, ambaye nilijua sasa ni Mama Wegesa, aliteremsha unga wake, akaketi kwenye kizingiti na kutugeuzia mgongo, uso ukiwa barabarani.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Mwanangu yumo kwenye hicho chombo?"

"Yumo, mama."

"Harusi yake sikuiona." Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Na angeionaje? Sherehe ilifanyika kwa kina bwana harusi, na bwana harusi ndiye yule yule wa kukwepwa. Alimfungia binti yake sanduku, akamsindikiza mpaka njia panda, akarudi nyumbani kuchambua mtama. Miaka michache baadaye walimletea mtoto mchanga na habari.

Mzee Shabani alipoelewa alishika kichwa. Aliutoa mkanda, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, na ukungu ulionekana ukingoni kama chumvi. Aliniambia pembeni kwamba utacheza mara moja tena, labda, na baada ya hapo utakatika au utaganda. Kompyuta nayo haikuwa ya kuaminika. Ilikuwa na tabia ya kuganda katikati ya kazi na kupoteza kila ilichokipokea. Ingeweza kumkata bwana harusi kwenye picha akabaki bibi harusi peke yake, lakini kwa mkanda mzima hiyo ilikuwa kazi ya siku nyingi, na mwenye mkanda alikuwa na lori la kesho. Kama mama huyu anataka kuwa na hakika ya kumwona binti yake, amwone wakati mkanda unacheza. Na kwenye mkanda wa harusi bibi harusi yuko pembeni ya nani muda wote?

Masanja alikuwa ameingia kuchaji simu, na hakuna jambo lililopita mbele ya Masanja bila yeye kuliwekea neno. "Sasa picha ni mtu?" aliuliza. "Picha haina macho ya kukuona. Mama, wewe angalia tu. Huyo wa kwenye TV hata hakujui."

"Wewe Msukuma, macho ni yangu," Mama Wegesa alimjibu bila kugeuka. "Nikimwona, nimemwona. Hakuna aliyesema mpaka awe anapumua."

"Lakini mama, si fumba jicho moja basi!"

"Nenda kasage mawe yako."

Masanja alicheka mpaka akakohoa, lakini hakuondoka, na nilielewa kwa nini. Swali lilikuwa zuri. Lilinikaa hata mimi. Nilikuwa nimeangalia mamia ya nyuso za watu wa ukoo wangu na wa koo nyingine, wakwe za watu, baba wakwe za watu, na haikunijia kwamba kuangalia ni tendo, kwamba unapomtazama mtu umemfanyia kitu. Mwita naye lilikuwa limemkaa, huko uani. Nilimkuta ameshika ukuta. Aliniambia, "Mimi nilijua hawezi kuiangalia kwa sababu nimo. Ndiyo maana sikumletea siku zote hizi. Nilifikiri nitakuwa nimemtukana." Halafu akatazama chini. "Kama mngeweza kunitoa humo."

Neno hilo la kumtoa ndilo lililonipeleka kwenye lundo la takataka kutafuta boksi la sabuni. Nilikata kipande chenye upana wa mtu aliyesimama kwenye kioo chetu, na kingine kidogo cha kumfunika akiwa mbali. Mzee Shabani alikitazama, akanitazama, akasema, "Utasimama hapo mchana wote?" Nikasema nitasimama. Mwita alisema yeye atakaa na jenereta, maana ilikuwa na kikohozi, ikizimwa na uchafu wa mafuta mara kwa mara, na ikizimika katikati ndiyo mwisho wa mkanda. Hivyo ndivyo tulivyogawana. Mama Wegesa aliingia na kuketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwa maporomoko ya maji. Mzee Shabani alikaa kwenye kompyuta. Masanja alipewa mlango wa mbele kuzuia watu, kazi aliyoifanya kwa fahari kubwa kuliko askari. Mkwe alikuwa nyuma ya ukuta, akishikilia umeme.

Nilipomaliza kusafisha vichwa vya deki, picha ilikuja na mstari mweusi juu, kisha ikatulia. Gari lilikuwa mbele ya kanisa. Mlango wa gari ulifunguka, nami nikampata Mwita mapema, mguu wake tu ulikuwa umeshuka, nikamweka nyuma ya boksi. Upande wa pili akatokea Wegesa. Alikuwa na shingo ndefu. Meno yake yalikuwa na mwanya. Nilipogeuka kidogo kumtazama mama yake nilimkuta amesogea mbele mpaka magoti yake yanakaribia meza.

"Amekonda," alisema hatimaye. "Walikuwa hawamlishi?" Baadaye kidogo: "Mbona haketi vizuri, huyu? Nilimfundisha." Kisha aliruka kidogo kwenye kiti. "Hicho kitenge! Bhoke, sogea, hicho alichojifunga kiunoni juu ya gauni. Ni changu. Nilikiweka chini kabisa kwenye sanduku, nikasema akikiona sawa, asipokiona basi." Aliifuta midomo yake kwa kiganja. "Kumbe alikiona."

Kumficha mtu ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Ili umfiche vizuri lazima umjue. Nilijifunza kwamba Mwita huanza kuondoka kwa mguu wa kushoto, kwamba akiitwa hugeuza kichwa kabla ya mwili, kwamba hawezi kukaa pembeni ya mkewe bila kusogeza kiti karibu kidogo kidogo, akidhani hakuna anayemwona. Nilikuwa mtu pekee chumbani mle niliyemtazama bwana harusi, na nilimtazama kuliko nilivyowahi kumtazama mwanaume yeyote. Wakati wa kulishana keki mkono wake ulichomoza kutoka nyuma ya boksi ukiwa na kipande kwenye kijiti. Nilishtuka, nikachelewa.

"Acha," alisema Mama Wegesa. "Mkono tu huo. Mwache amlishe."

Kisha likaja litungu, kinanda kikubwa cha nyuzi cha kwetu. Wazee walikuwa wanapiga na njuga zinalia miguuni, watu wakafungua duara, na maharusi wakaingia katikati. Mwanzoni walicheza mbalimbali na nilimudu. Halafu Wegesa akamwendea mumewe, akaegemeza paji la uso kwenye kifua chake, wakawa mtu mmoja. Nilisogeza boksi kulia, likamfunika Wegesa. Nikasogeza kushoto, Mwita akatokea begani, nikarudisha haraka. Mkono wangu ulisimama.

"Mbona umesimama?"

"Mama, wamekaribiana. Nikimfunika yule, namfunika na Wegesa."

Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Mkanda uliendelea kukimbia, na kila tulichokuwa tunangoja kilikuwa kinapita.

"Funika wote," alisema. "Niambie wewe."

Nikachukua kipande kikubwa, nikaziba kioo karibu chote, nikaweka uso wangu ubavuni pa televisheni ambako niliweza kuona nyuma ya boksi. Nilimwambia kwamba Wegesa amefumba macho. Kwamba njuga zinapolia anatikisa mabega, kidogo tu, kwa uvivu. Kwamba kitenge kinataka kulegea na yeye hajali.

"Amemshikaje?"

"Mkono mmoja mgongoni. Haugusi vizuri. Kama mtu aliyebeba beseni limejaa maji."

Sauti ya Mwita ilipita kwenye ukuta wa mbao, juu ya kelele za jenereta, ikiniita mimi kama desturi ilivyotaka. "Bhoke! Mwambie lile gauni lilikuwa refu. Nilikuwa naogopa kulikanyaga."

Mama Wegesa aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa namna nyingine. "Mwambie nimesikia," alisema.

"Mwambie pia alinikanyaga yeye."

"Mwambie alikuwa na miguu mizito tangu mtoto."

Nilikuwa sina haja ya kupeleka lolote. Kila neno lilikuwa limeshafika. Lakini nililirudia kila moja, kwa sauti, upande huu na upande ule, kwa sababu nilihisi kwamba bila mimi katikati yasingeweza kusemwa. Walizungumza hivyo mpaka litungu likanyamaza, mpaka picha ikaanza kutetemeka na chenga zikarudi na mkanda ukaganda ndani ya deki kwa mlio mkavu. Mzee Shabani hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Aliisubiri ifunge faili lake, midomo ikisogea, sijui kwa dua gani. Kisha akaegemea nyuma. "Imo," alisema. "Yote."

Alitengeneza CD mbili. Nilipompa Mama Wegesa yake niliuliza ataiangalizia wapi, maana kwake hakukuwa na umeme wala deki. Aliigeuza ikamulika dari. "Mimi nimeshaangalia," alisema. "Hii ni ya mtoto. Yeye hana wa kumkwepa humo. Atawaangalia wote wawili bila boksi." Aliifunga kwenye ncha ya kanga, akaifungia kifuani.

Nimejiuliza mara nyingi, na nilijiuliza tena wiki iliyopita nikiwa nimeshika ile simu msibani, kama wanaotazama kila kitu wanaona zaidi ya yule mama aliyechagua kutazama nusu. Sijui. Ninachojua ni kwamba tangu mwaka ule sijaweza kutazama picha ya mtu bila kuhisi kwamba ninamfanyia kitu, na kwamba nimeona harusi nyingi mno, lakini ya Wegesa ndiyo pekee ninayoweza kuisimulia hatua kwa hatua.

Jioni ile Mwita alikuwa bado uani. Mkanda wake ulikuwa ndani, CD yake mezani, na kwenye lori wenzake walikuwa wanapanga mizigo tangu mchana. Asingeingia kabla mama hajatoka, na mama alilijua hilo kuliko sisi. Aliniomba nimtwishe unga. Ulipokaa sawa kichwani alisimama kidogo akiwa ameelekea ukuta wa nyuma, bila kuuangalia, akiangalia sakafu. "Bhoke, mwambie mtoto anakula vizuri. Mwambie kule aendako asikae mpaka tukamsahau sauti."

"Nimesikia," ukuta ulisema.

"Hajaambiwa bado," Mama Wegesa alinikumbusha.

Nikamwambia. Naye akaitikia tena, safari hii taratibu, na jenereta ikazimwa. Tukasikia viatu vyake vikisaga changarawe pale aliposubiri. Mama Wegesa akavuka kizingiti, akampita Masanja, shingo imenyooka chini ya mzigo. Watu wa kwetu hawakuwa na kawaida ya kufunga mlango wa duka mchana. Yeye alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaushika, na kuuvuta taratibu mpaka ukagota kwenye fremu kwa sauti ya kutosha kusikika uani.